Seti ya Pili

Maji ya bomba huku Nkuhungu
huja Jumanne, saa nane usiku.
Yanatanguliza upepo kwenye koki, koho, koho,
kama mtu anayesafisha koo kabla ya kudai deni.
Naamka. Najaza jaba, sufuria, madumu,
na ndoo moja ya bluu isiyoguswa na mtu,
ikae mdomo wazi siku nzima
harufu ya dawa iishe.
Hiyo ni ya samaki.

Mama Nyemo akiiona hucheka kwa pua.
"Mbukwa! Sisi tunaoga kwa kikombe,
wewe unawabadilishia samaki maji!"
Sina jibu la haraka.
Samaki wako saba. Hawajui mgao ni nini.

Vifaa vyangu nimejitengenezea,
maana vya dukani bei yake ni ya mbuzi:
chupa ya lita moja, nimeikata kitako kwa kisu cha moto,
ukingo nikauyeyusha kidogo jikoni
usije ukachana mapezi;
soksi ya shule ya Ndahani, ya kushoto,
ile ya kulia ilishapotea;
kibanio cha nguo;
na mpira wa levo, mita mbili, alioniachia fundi Malogo
alipomaliza msingi wa choo.

Malogo ndiye aliyenifundisha.
"Maji hayana akili, dada, yana adabu.
Yaonyeshe penye chini, yatakwenda."
Nikavuta kwa mdomo. Nikameza.
Ukoga, kutu, na chakula cha jana.
Ndahani alicheka hadi akakaa sakafuni.

Siku hizi naujaza mpira kwanza,
naziba kwa dole gumba, nashusha, naachia.
Uchafu unapanda ndani ya chupa ukizunguka
kama vumbi la Agosti,
changarawe zinaruka, zinarudi chini zimetakata.
Na maji hayo simwagi ovyo.
Kuna mpapai uani, dume, hauzai.
Naunywesha tu.

Kurudisha mapya ndiko kugumu.
Ukimimina kwa pupa wanashtuka,
wawili walishawahi kugeuka matumbo juu.
Yataka tone kwa tone.

Ndipo nilipofungua kabati
nikatoa mfuko wa khaki.
Seti ya dripu. Ya pili.
Tuliagizwa saa kumi alfajiri,
nikakimbia hadi duka la ng'ambo ya hospitali,
nikarudi na chenji kiganjani,
na nesi akanitazama mkono,
uso hakuutazama.

Miaka miwili sikuifungua.
Niliihamisha tu, rafu hii, rafu ile.

Niling'ata plastiki. Ikachanika kirahisi mno.
Kigurudumu kile kidogo nilikijua,
siku tatu usiku nilikizungusha
mama akisema, "Punguza, mwanangu,
baridi inapanda hadi begani."

Ndoo juu ya kabati, tangi chini.
Nahesabu: arobaini kwa dakika.
Napunguza. Thelathini.
Yule mwenye mkia uliochanika
huja akasimama chini ya tone,
akaliacha limpige kichwani.

Jumanne iliyopita Mama Nyemo alibisha na kopo.
"Hayo ya samaki ukiyatoa nigawie,
mchicha wangu unakufa."
Nikampimia nusu ndoo.
Mpapai utanisamehe.
Hakuondoka. Aliegemea mlango,
macho kwenye mpira,
tukahesabu wote wawili, kimya,
hadi ishirini na kitu,
kisha akasema mboga zinamsubiri.